Moto safi kwanza, nyama baadaye: maongezi kuhusu kupika nyama kwa moshi nyumbani

Wazee wangu shikamooni. Akina mama, vijana, habari za mchana. Nashukuru mmekuja wengi hivi, na namshukuru mwenyeji wetu kutupa uwanja wake wa nyuma na kivuli cha huu mparachichi. Nimeombwa niongee kuhusu kupika nyama kwa moshi hapa hapa nyumbani, kwa mkaa na kuni, bila mashine ya kuagiza nje, na hilo pipa mnaloliona pembeni limewashwa tangu alfajiri ili wakati mnanisikiliza muwe pia mnaangalia na kunusa.

Naanza na moshi wenyewe manake hapo ndo watu wengi wanapotelea. Hebu angalieni juu ya lile bomba pale. Mnaona nini? Karibu hamna kitu, ukikaza macho kuna kamoshi kembamba ka rangi ya bluu hivi, kanapanda na kupotea. Mama mmoja aliniuliza asubuhi kama moto umezimika. Haujazimika mama, huo ndo moshi tunaoutaka, na ule mweupe mzito unaotoka kama wingu mpaka majirani wanafunga madirisha, ule ni moto unaolia njaa ya hewa au kuni mbichi, na ukiuacha uguse nyama saa nzima tu utakula kitu kichungu kinachoganda kwenye ulimi na harufu yake inakaa kwenye nguo mpaka kesho. Kwa hiyo mtu akiniambia yeye hapendi nyama ya moshi mimi huwa namwelewa kabisa, wengi walichoonja ni masizi.

Kuni ikipata moto wa kutosha na hewa ya kutosha, zile sehemu zake zinavunjika na kutoa vitu vingi tofauti, ile sehemu ngumu ya mti inayoitwa lignini inatoa harufu tunayoijua ya moshi, ile ya viungo viungo, na sehemu ya nyuzi inatoa utamu utamu na rangi ya kahawia. Moto ukibanwa hewa, mafusho yanatoka kabla hayajaungua vizuri, yanatua kwenye nyama yakiwa lami. Kuni ni ile ile na nyama ni ile ile, hewa tu ndo imebadilisha kila kitu. Ndo maana nasema na nitaendelea kusema, kazi ya mpishi wa moshi ni kulea moto, akiulea vizuri nyama inamfuata.

Na hili la hewa lina uzito kwenye kifua cha binadamu pia, sio kwenye ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majikoni, ya kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo kama milioni 3.2 duniani. Wanaovuta ule moshi tunawajua, ni mama zetu na watoto wanaobebwa mgongoni. Sasa mimi siwezi kusimama hapa niwafundishe kutengeneza moshi halafu ninyamaze kuhusu hilo. Pipa hili linakaa nje, uwanjani, sio barazani, sio gereji, sio chini ya paa la mabati lenye kuta tatu. Na mkaa uliobaki usiku ukiwa bado una moto usiuingize ndani ati upate joto, manake ile gesi ya mkaa haina rangi haina harufu na inaua familia nzima ikiwa imelala. Hapa Arusha mwezi wa saba baridi mnaijua, naomba sana hili mkalisemee majumbani.

Tuje kwenye kuni. Watu wananiuliza mbona kwenye video za Wamarekani wanataja miti ambayo hatuna, hikori, oki, sijui meskiti. Ndugu zangu, hatuna sababu ya kuionea wivu. Huo meskiti wa Texas ni wa jenasi moja, yaani ukoo mmoja, na mathenge, ule mti wa miiba uliopelekwa Baringo huko Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, halafu ukasambaa ukameza malisho mpaka wananchi wakaenda mahakamani kuishtaki serikali, mbuzi walikuwa wanakula maganda yake matamu meno yanaharibika. Ndugu yake mti huo, watu wa Texas wanamheshimu kwenye nyama. Mkaa wake ni mzito na moto wake ni mkali, na kila gogo la mathenge linalokatwa ni nafuu kwa mfugaji, kwa hiyo ukibahatika kupata kutoka ng'ambo ya Namanga tumia, ila kidogo, moshi wake una nguvu.

Lakini hazina yetu sisi watu wa huku milimani ni mibuni. Kila mwenye shamba la kahawa anajua mibuni ikizeeka inakatwa kisiki ili ichipue upya, na yale magogo yake membamba tunayachoma kuchemshia maji ya kuoga basi. Kuni ya mbuni ni ngumu, inaungua taratibu, moshi wake ni mpole na una utamu fulani, na huko nje kuna watu wanaiuza imekatwa vipande kwenye mifuko kwa ajili ya kazi hii hii. Sharti moja tu, kahawa inapigwa dawa, mrututu na nyingine, kwa hiyo menya gome lote na usitumie mti uliopuliziwa karibuni. Mpera ni mzuri sana. Mchungwa na mlimao ni mzuri, hata huu mparachichi matawi yake yakipogolewa msiyatupe. Mgunga nao upo, wenye nguvu kama mathenge.

Ya kuogopa ni haya. Paina na miti ya jamii yake ina utomvu, inatoa masizi meusi. Mkaratusi una mafuta, nyama itanukia kama umejipaka dawa ya mafua. Minyaa yenye maziwa usiisogelee kabisa, na yale maua ya oleanda ya kando ya barabara, ya pinki na meupe, mti wake ni sumu usiutumie hata kama kijiti cha kugeuzia nyama. Mbao za fundi seremala zilizopakwa rangi au zilizowekwa dawa ya mchwa, paleti, milango ya zamani, hapana. Na mti usioujua jina lake uache.

Kuni iwe kavu. Kavu kweli, iliyopasuliwa ikakaa chini ya paa miezi sita au zaidi, ukigonga vipande viwili vinalia ko! ko! na kwenye ncha utaona nyufa. Kuna hii tabia ya kuloweka vipande vya kuni kwenye maji ili vitoe moshi mwingi, mimi siikubali, maji hayaingii ndani ya kuni ngumu, yanabaki juu juu, na unachopata mwanzoni ni mvuke na moto uliopoozwa, yaani unarudi kule kule kwenye wingu jeupe.

Mkaa sasa. Mkaa unatupa joto, kuni inatupa harufu, msichanganye hizo kazi mbili. Mkaa ulioiva vizuri hauna moshi wa maana, umeshaungua mafusho yake kule kwenye tanuri, kwa hiyo unafanya kazi ya kushikilia joto saa nyingi na zile kuni chache unazoweka juu ndo zinazoongea. Ukikuta kwenye gunia vipande vya kahawia vizito ambavyo ukivivunja havilii, hivyo havijaiva, viweke pembeni utapikia maharage. Na tafadhali msiwashe kwa mafuta ya taa wala kwa mfuko wa plastiki, najua ndo njia ya haraka lakini ile harufu inapanda moja kwa moja kwenye nyama, na plastiki ni sumu. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toboa matundu chini na pembeni, weka magunzi makavu chini na mkaa juu, washa, dakika ishirini mkaa wote umeshika bila kupuliza.

Sogeeni muone pipa. Hili ni pipa la kawaida la lita 200, urefu wake kama sentimita 88. Kabla ya yote uliza lilibeba nini, kama lilikuwa la kemikali au dawa za shamba achana nalo hata ukipewa bure. La mafuta ya kula au la juisi ndo zuri. Tukalichoma moto mkubwa wa kuni ndani mpaka rangi yote ikatoka, tukasugua kwa brashi ya waya, tukapaka mafuta ya alizeti. Chini kabisa fundi wa kuchomelea ametoboa matundu manne ya upana wa sentimita mbili hivi, na kila tundu lina kipande cha bati jeusi cha kulifunga na kulifungua, huo ndo usukani wa gari lote. Ndani chini kuna kikapu cha nondo cha mkaa, kimenyanyuliwa kidogo ili majivu yaanguke. Juu, kama sentimita 60 kutoka kwenye mkaa, kuna wavu wa nondo wa kuwekea nyama, na katikati yao kuna sinia lenye maji. Sinia hilo lina kazi kubwa, linazuia moto usiiangalie nyama uso kwa uso, linatuliza joto, na linapokea mafuta yasidondoke kwenye makaa, manake mafuta yakidondoka kwenye makaa yanatoa moshi mbaya kuliko wote. Juu mfuniko na bomba, na bomba halifungwi, liko wazi muda wote, ukitaka kupunguza moto unafunga matundu ya chini. Ukifunga juu umefungia masizi ndani na nyama yako. Halafu mwambieni fundi asitumie waya wa kuku wala bati la kuezekea karibu na moto, zinapakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu.

Jinsi ya kuwasha, jaza kikapu mkaa ambao haujawashwa, pachika kati yake vipande vya kuni vitatu vinne vya ukubwa wa ngumi, halafu mwaga juu yake mkaa kidogo uliokwisha kushika kutoka kwenye kopo. Moto utashuka chini taratibu wenyewe, saa baada ya saa, bila wewe kufungua fungua. Subiri mpaka ule moshi mweupe wa mwanzo uishe, inaweza kuchukua nusu saa na zaidi, ukiona bluu ndo uweke nyama. Joto ndani ya pipa liwe kati ya nyuzi 110 na 130. Kipimajoto kinunue jamani, kile cha kuchoma kwenye nyama, ni kitu kidogo na kitakuondolea kubahatisha kwingi, mkono na jicho vinajifunza baadaye vikiwa na kitu cha kuvisahihisha.

Haya, nyama. Hapa nataka niongee pole pole manake ndo sababu nilikubali kuja.

Vijana wengi wanaangalia video za kule Texas, wanaona kidari cha ng'ombe kimepikwa saa kumi na nne kinang'aa mafuta, wanaenda buchani wananunua kidari chetu wanafanya vile vile, kinatoka kama ndala. Kosa halipo kwao, ni ng'ombe tofauti. Yule wa kule amelishwa nafaka miezi, mafuta yameingia katikati ya nyama yenyewe. Ng'ombe wetu, zebu, ametembea na kula nyasi, nyama yake ina ladha kubwa lakini ni kavu na nyuzi zake zimekaza. Ila Mungu kamwekea huyu zebu kitu ambacho yule wa Texas kwa kawaida hana. Nundu!

Nundu ndo kipande chenyewe cha moshi. Ukiikata katikati utaona nyama nyekundu imepitiwa na mistari myeupe mingi membamba, huku na huku, mafuta pamoja na ile mishipa laini ya utandu. Ukiichoma haraka kwenye jiko kama mishikaki inakuwa ngumu na watu wanasema ni mafuta matupu. Ukiipa joto dogo saa sita au saba ule utandu, kuanzia kama nyuzi 70 ndani ya nyama na kuendelea, unayeyuka pole pole unakuwa ute, na yale mafuta yanalainisha nyuzi moja moja. Wabrazili wanalijua hili vizuri sana, ng'ombe wao wengi ni zebu wenye asili ya India, nundu wanaiita cupim na wanaipika taratibu kwa saa nyingi, ni kipande cha heshima kwenye migahawa yao. Sisi nchi yetu ni miongoni mwa zenye ng'ombe wengi kabisa Afrika, na wengi wana nundu, halafu tunaikatakata kwenye mchanganyiko. Mimi inaniuma.

Namna yake, usiku wa kuamkia siku hiyo paka chumvi, gramu 15 kwa kila kilo, na pilipili manga ya kusagwa ile ya punje kubwa kubwa, basi. Ukipenda kitunguu saumu kidogo. Iache kwenye friji bila kufunika, uso ukauke kidogo. Asubuhi iweke kwenye pipa ikiwa bado baridi, moshi unashika vizuri kwenye nyama ya baridi, kwa hiyo zile saa mbili tatu za kwanza ndo za kuangalia rangi ya moshi kwa makini kuliko zote.

Halafu kuna kitu kitatokea na nataka kisiwatishe. Nyama itapanda joto vizuri mpaka nyuzi 65 au 70 hivi halafu itasimama. Saa nzima haisogei, saa mbili haisogei, wageni wameshafika, hapo ndo mtu anashika koleo anaongeza mkaa anafungua matundu yote na kuiharibu kazi ya siku nzima. Nyama inatoka jasho tu. Maji yanapanda juu yanakauka, na kukauka kule kunaipoza kwa kiasi kile kile moto unachoipasha. Dawa ni subira au kuifunga. Mimi naifunga kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yakalainika, mawili matatu yakilaliana, nimeshajaribu na foili na karatasi ya kaki isiyo na maandishi na zote zinafaa, ila jani la mgomba linaacha nyama ipumue kidogo, ganda la juu halilowi sana. Kwa nyama zetu kavu funga mapema, usingoje kama wa Texas anavyongoja.

Inaiva ikifika nyuzi 93 hadi 95, lakini kipimo cha mwisho ni kuichoma na kijiti, kikiingia bila kukataliwa imeiva. Itoe, ikiwa bado na majani yake, itie kwenye hotpoti kubwa ufunike, saa moja angalau, ule ute utulie ndani. Ukiikata moto moto maji yote yanaishia ubaoni.

Na ukiikata utaona karibu na ganda kuna pete ya pinki. Hapa kwetu najua kitakachosemwa, haijaiva, rudisha! Imeiva wazee wangu. Gesi za moto wa mkaa na kuni zinashikana na ile rangi nyekundu ya nyama yenyewe kabla nyama haijapata joto sana, na rangi inagandia pale pale haigeuki kahawia tena. Mnaweza kupika nyama mpaka iachane yenyewe na ile pinki itakuwepo. Mgeni akikataa mwonyeshe katikati ya kipande, sio pembeni.

Kuku na kitimoto kwa haraka. Kuku kwenye joto dogo ngozi yake inakuwa mpira, kwa hiyo fungua hewa pipa lifike nyuzi 150 hivi, na ndani ya paja pafike 74. Kitimoto bega ndo lenyewe, lipeleke mpaka 90 na kitu, na nunua iliyogongwa muhuri na mkaguzi wa nyama, minyoo ya tegu kwa nguruwe ni tatizo la kweli katika mikoa yetu hii ya kaskazini, tusione aibu kuulizia muhuri.

Kuna dada hapa mbele aliniuliza kuhusu samaki wa moshi, mama yake anafanya hiyo biashara kule ziwani. Mwambie mama kuna tanuri linaitwa FTT-Thiaroye, lilibuniwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na wataalamu wa Senegal kutokana na tanuri la Chorkor la Ghana. Siri yake inafanana na ninachokisema leo, samaki anaivishwa kwanza kwa joto la makaa yasiyo na moshi, mafuta yanakingwa na sinia, halafu moshi unaletwa baadaye, kidogo, kutoka pembeni ukiwa umechujwa. Lilitengenezwa hasa ili kupunguza benzopireni, ile sumu ya moshi inayosababisha saratani, na Ulaya wamebana kiwango chake, kuanzia Septemba 2014 kwenye nyama na samaki wa moshi wengi mwisho ni mikrogramu 2 kwa kilo, zamani ilikuwa 5. Mzigo ukizidi hapo unakataliwa mpakani. Kwa hiyo moshi safi una soko.

Na nisiwafiche, Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa, za moshi zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Nyama hii ni ya sikukuu, ya ubarikio, ya Idi, ya mtoto kumaliza shule, iliwe na mboga na ndizi na watu wengi kuizunguka. Sio ya kila jioni.

Mwisho kabisa ni mabaki, kama yatakuwepo. Watu wanadhani moshi ukishapita nyama haiozi. Ile iliyokaushwa kabisa ya wazee wetu, ya juu ya uchaga, ndo ilikuwa inakaa, hii yetu ina maji ndani, inaharibika kama nyama yoyote. Ikishatoka kwenye joto isikae nje zaidi ya saa mbili, iingie friji, iliwe ndani ya siku tatu, na kupasha iwe kwa mvuke ndani ya jani lake. Anayetaka kuona matundu ya pipa yanavyofungwa aje upande huu kwa fundi, na mwenye mibuni iliyokatwa shambani aniachie namba ya simu kabla hajaondoka, nazihitaji hizo kuni. Asanteni sana.